Amelala Mawenzi

Kila helikopta ilipopita juu ya Georgia Avenue, Honorata alisimama na kutazama juu. Zilipita nyingi: za polisi, za kubeba wagonjwa, za televisheni zinazoangalia foleni ya magari kwenye barabara ya mzunguko. Watu wa Silver Spring, mji huo wa Marekani, hawakuinua hata kope. Yeye alisimama na mifuko yake ya dukani mpaka mlio ukapotelea nyuma ya maghorofa, wapita njia wakimkwepa huku na huku kama nguzo iliyosimikwa pabaya.

Jelagat, Mkenya wa Kapsabet aliyekuwa amepanga naye nyumba, alimcheka kila mara.

"Auntie, siku moja gari itakubeba kwa sababu ya kuangalia juu."

"Acha inibebe. Huenda ikanifikisha nyumbani."

"Kwani una nini na hizo helikopta?"

"Mume wangu ndiye anayeziteremsha."

Jelagat alicheka mpaka akashika ukuta. "Ati ni rubani?"

"Ni mpagazi," alijibu Honorata, naye hakuwa akitania.

Kalisti alikuwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro tangu ujana wake. Alibeba kichwani mizigo ya wageni, mahema yao, mikate yao, hata viti vyao vya kukunja. Helikopta kule juu ilikuwa kitu cha nadra. Ilitoka Nairobi mara moja au mbili kwa mwaka, pale mgeni alipozidiwa kwa sababu hewa ya huko haitoshi kifua. Rubani akifika hakuti taa wala mnara. Anahitaji mtu mmoja asimame kwenye uwanja wa mawe, upepo ukimpiga mgongoni, ashike kitambaa juu ya kichwa, ili aone upepo unaelekea wapi na ashukie upande gani. Mtu huyo alikuwa Kalisti. Na kitambaa kilikuwa kitenge cha Honorata, cha njano na maua mekundu, alichomwachia siku aliyoondoka.

"Kitenge chako sasa kina cheo kuliko sisi wote," Kalisti alimwandikia. "Mzungu anatoka Nairobi, anaacha mlima mzima, anatafuta kitenge chako tu."

Barua hiyo aliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Honorata hakwenda shule. Alisoma kwa kidole, silabi baada ya silabi, kama alivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima katika ukumbi wa parokia, miezi minne tu, kabla mimba ya Vumilia haijamtoa. Lakini kwa barua za Kalisti polepole hiyo ilikuwa na utamu wake. Ki-te-nge cha-ko. Maneno yalikaa mdomoni mwake muda mrefu kuliko yanavyokaa kwa watu waliosoma, ambao huyameza bila kuyaonja.

Alikuwa na miaka thelathini na saba alipoondoka, na Vumilia alikuwa na saba. Dorothea ndiye aliyemchukua Honorata kuja naye Marekani. Dorothea alikuwa wa kijiji hichohicho, nyumba ya tatu kutoka kwao, ila yeye alisoma akaolewa na mtu wa vitabu, na mtu wa vitabu akapata kazi katika shirika moja kubwa huko Washington. Mwaka tisini na moja walikuja likizo na mapacha wachanga. Dorothea akakaa kwenye kigoda jikoni kwa Honorata, akanywa mtori wake wa ndizi, akasema, "Nisaidie miaka miwili tu, mdogo wangu. Watoto wakisimama nakurudisha mwenyewe, mkononi mwa mume wako."

"Miaka miwili ni mavuno mawili ya kahawa," alisema Kalisti baadaye, wakiwa wawili. "Nenda. Nitavuna la kwanza, nitavuna la pili, utanikuta nikianika."

Kwenye uwanja wa ndege wa huku, hata kabla sanduku halijatokea, Dorothea alinyoosha mkono. "Lete pasipoti yako nikutunzie. Wewe hujui kusoma, utaipoteza."

Honorata akampa. Ikaenda kukaa ndani ya kabati la nguo nyumbani kwa Dorothea, Potomac, katika chumba ambacho yeye alikisafisha kila siku na kabati lake hakuruhusiwa kulifungua. Mavuno mawili yakapita. Mapacha wakasimama, wakakimbia, wakaanza shule, na kila alipouliza aliambiwa mwakani. Alilala chumba cha chini karibu na mashine ya kufulia, na mashine ile ilipokuwa ikizunguka alifumba macho akajidanganya kuwa ni mvua juu ya mabati. Mwaka wa nne alimwambia Dorothea mbele ya mume wake kwamba anaitaka pasipoti yake. Mume akaangalia gazeti. Dorothea akasema, "Na nani atakuamini? Huna karatasi, huna lugha. Toka hapo nje uone polisi watakupeleka wapi."

Alitoka hivyohivyo. Alipanda basi na mfuko mmoja wa plastiki, akashuka Silver Spring kwa sababu aliwahi kusikia kuna duka linalouza unga wa dona na dagaa, na akawaza kwamba palipo na dagaa hapatakosa mtu wa kumwelewa. Muuza duka alimpeleka kwa akina mama wa kanisa, na akina mama wakampeleka kwa Jelagat. Toka siku hiyo alikuwa akiwalea wazee wa watu, akiwaogesha, akiwalisha, akiwaimbia kwa Kichagga nao wakilala. Pasipoti ilibaki kabatini. Kuomba nyingine kulimaanisha kwenda kusimama mbele ya kaunta na kueleza, na Honorata aliogopa kila kaunta. Aliamini, na hakuna aliyemwambia vingine, kwamba mume wa Dorothea anajuana na wote wanaokaa nyuma ya kaunta hizo.

Kwa hiyo mavuno yalifika manane. Alikuwa akikumbuka vitu vya ajabu. Si uso wa Kalisti, uso alikuwa nao kwenye picha. Alikumbuka harufu ya koti lake akishuka mlimani, moshi na jasho na kitu kingine cha baridi ambacho hakuwahi kukijua ni nini mpaka theluji ya kwanza ya Maryland ilipomwangukia mabegani. Alisimama kwenye ngazi za jengo akainusa, akalia. Nyumbani theluji hukaa juu, watu huitazama tu asubuhi wakipiga mswaki. Huku ilishuka yenyewe mpaka mlangoni, na Kalisti hakushuka nayo.

Basi siku ile ya Februari, mwaka tisini na tisa, ilikuwa Alhamisi. Honorata alirudi kutoka kwa bibi aliyekuwa akimuuguza Wheaton, akavua viatu, akaenda jikoni. Juu ya friji palikuwa na karatasi, nyuma ya tangazo la kanisa, mwandiko wa Jelagat wa haraka. Aliweka kidole.

"Auntie. Shemeji yako Gervas amepiga simu. Helikopta ilianguka mlimani. Kalisti amelala Mawenzi. Niko kazi Germantown mpaka Jumapili. Pole sana."

Alisoma tena. A-me-la-la. Ma-we-nzi.

Mawenzi ni kile kilele cha pili cha mlima, chenye meno, kilichosimama upande wake peke yake. Hata wapagazi hawakipandi. Kalisti alikuwa akisema kwamba mtu akibaki Mawenzi hata ndugu zake hawamfuati. Na kulala, kwao, kwa mtu mzima aliyeangukiwa na helikopta, ni neno moja tu. Ndivyo padri anavyosema kanisani: ndugu yetu amelala.

Alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya jikoni, mgongo kwenye mlango wa friji. Friji lilikuwa likitetemeka mgongoni mwake naye aliliacha litetemeke.

Kisha alipiga simu Germantown, kwenye nyumba ya mzee aliyekuwa akitunzwa na Jelagat. Jelagat alinong'ona, maana wenye nyumba hawakupenda simu.

"Jelagat, alisemaje? Niambie alivyosema."

"Si niliandika yote, auntie? Laini ilikuwa mbaya, inakatika katika. Alisema helikopta ilianguka ikitua, na Kalisti amelala Mawenzi."

"Amelala."

"Ee, amelala. Aki pole, auntie. Pole sana. Jikaze, Mungu yupo. Wacha niende, huyu mama ananiangalia vibaya."

Honorata akaweka simu. Alitia namba za kadi ya simu, namba ndefu ambazo alizijua kwa wimbo, akapiga parokia ya kijijini. Iliita, ikaita, ikaita. Alipiga mpaka mwanamke wa kwenye kadi akamwambia kwa Kiingereza kitu ambacho maana yake ni kwamba kadi imekwisha.

Habari za msiba hazihitaji kadi. Ijumaa jioni sofa lilikuwa limeshatolewa kwenye korido, magodoro yamelazwa sebuleni, viatu vimejaa mlangoni mpaka kwenye ngazi, na picha ya Kalisti imewekwa juu ya televisheni na mshumaa kando yake. Watanzania walikuja, Wakenya walikuja, Mkongo mmoja mwenye suti alikuja akasema "courage, mama" na akakaa kimya saa tatu nzima, jambo ambalo Honorata alilishukuru kuliko maneno yote. Waringa, mama mnene wa Woodbridge ambaye aliendesha gari saa nzima kwenye barafu na sufuria ikiwa imefungwa mkanda wa kiti cha mbele, ndiye aliyeshika jiko.

"Kuleni githeri," aliamuru, akipakua mahindi na maharage.

"Hiyo makande," alisema mama mmoja wa Moshi, akionja.

"Githeri."

"Makande yaliyosahauliwa maziwa."

"Basi rudisha sahani."

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka, wakashika midomo. Honorata pia alikuwa amecheka. Ilimuuma. Kalisti angesema neno la kuongeza hapo, alikuwa mtu wa kuongeza neno. Akafunika uso kwa kitenge.

Akina mama walishakubaliana: tikiti watamkatia, aende akazike. Lakini aende kwa karatasi gani? Hadithi ya kabati la Potomac ilijulikana na wote. Ila kujua ni kitu kimoja, na kwenda kugonga mlango wa mwenye cheo ni kingine.

Hakuna aliyekwenda kugonga. Jumapili baada ya misa Dorothea alikuja mwenyewe.

Alikuja na kofia ya manyoya na keki ya dukani ndani ya boksi. Alivuka viatu vya watu bila kuvua vyake, akapewa kiti, kiti kimoja kilichokuwapo. Kisha akamwona Kalisti juu ya televisheni, na uso wake ukaharibika. Haikuwa kujifanya. Kalisti alimbeba mgongoni akiwa msichana, siku mto ulipojaa. Kijiji kizima kiliijua habari hiyo. Dorothea alitoka kwenye kiti akapiga magoti juu ya godoro akalia kwa Kichagga, kwa sauti ya kwao, sauti ambayo Honorata hakuwahi kuisikia Potomac miaka minne yote.

"Hono, mdogo wangu. Nimekosa. Nilisema mwakani, mwakani, na sasa mwenyewe hayupo." Akafungua mkoba, akatoa bahasha. "Nenda kamzike mume wako."

Waringa alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi.

Honorata aliifungua. Kitabu kilinuka dawa ya nondo. Alitafuta ukurasa wa picha, na kutoka ndani mwanamke wa miaka thelathini na saba akamtazama, nywele zimesukwa misuko mitatu, macho yamemtoka kwa kuogopa kamera. Alimtazama kwa muda mrefu. Alimwonea wivu. Mwanamke yule alikuwa na mume. Alikuwa amevaa blauzi ambayo Kalisti ndiye aliyemfunga vifungo vya nyuma asubuhi ile, kwa vidole vilivyokauka, akilalamika kwamba vifungo ni vidogo kuliko punje za ulezi.

"Asante, Dada," alisema. Miaka minane aliwaza atakachosema siku hiyo, alikuwa na hotuba nzima, alishaisema mbele ya masinki na mabafu ya watu. Ikampotea yote. Alikitia kitabu kifuani, ndani ya blauzi, akafunga kitenge juu yake.

Ndipo mlango ukasukumwa kutoka nje, ukagonga lundo la viatu, ukasukumwa tena. Jelagat akaingia na begi lake la kazi begani na theluji kwenye kofia. Akatazama magodoro. Akatazama mshumaa.

"Wooi!" alisema. "Kwani nani amekufa?"

Mama wa Moshi akaanza kulia upya, akidhani msichana amechanganyikiwa kwa uchungu.

"Auntie, ni nani? Ni mama yako?"

"Jelagat," alisema Waringa polepole, "huoni picha?"

Jelagat akaiona. Begi likamtoka begani. "Kalisti amekufa? Lini? Si Alhamisi alikuwa hospitali?"

"Hospitali gani?" aliuliza Honorata.

"Mawenzi! Si nilikuandikia? Shemeji yako alisema amevunjika mguu, amelala Mawenzi, wodi ya wanaume."

"Uliandika amelala."

"Si ndiyo! Mgonjwa akiwa hosi si amelala? Kwetu tunasema hivyo tu. Fulani amelala District, na kila mtu anajua ni wapi."

"Gervas alisema amelala? Au alisema amelazwa?"

Jelagat alifikiri. "Amelala, amelazwa... Auntie, hiyo si ni kitu moja?"

Na Mawenzi, ambayo ni kilele chenye meno, ni jina la hospitali ya serikali mjini Moshi pia. Honorata alilijua hilo toka utotoni. Alishafika hapo mara moja, kumwona shangazi. Lakini watu wa kijiji chake wakiugua walikwenda hospitali ya misheni ya jirani, na mke wa mpagazi akiambiwa mlima na Mawenzi kwa pumzi moja, hawazi kitanda. Anawaza mawe.

"Ngoja," alisema Jelagat, akipekua mifuko ya koti. "Alinipa hata namba. Simu ya manesi. Alisema piga Jumatatu saa tatu asubuhi ya huku, watamsogeza karibu. Nikajua mpaka hapo nitakuwa nimerudi, sikuiandika." Akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa. "Maiti gani anapewa muda wa kupigiwa simu?"

Waringa ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka mwiko ukaanguka, kisha akakaa chini akalia, kisha sebule yote ikawa inacheka na kulia pamoja, na yule Mkongo mwenye suti akainuka akauzima mshumaa kwa vidole viwili, taratibu, akarudi kukaa. Jelagat alipigwa makofi ya mgongo, akatukanwa, akakumbatiwa. Honorata hakucheka wala hakulia. Alikuwa ameshika kipande cha karatasi, kidole kikipita juu ya tarakimu, moja moja.

Dorothea alikuwa amesharudi kwenye kiti. Alijifuta uso, akaweka kofia sawa. Polepole sura ya Potomac ikamrudia.

"Tumshukuru Mungu," alisema. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu. "Basi Hono, nipe hiyo nikutunzie. Siku utakaposafiri kweli utaniambia."

Kicheko kilikatika. Ulikuwa mkono uleule wa uwanja wa ndege, na maneno yaleyale.

Honorata aliutazama ule mkono. Hotuba ile ya miaka minane haikurudi. Badala yake lilikuja neno moja tu, dogo.

"Nasafiri."

"Kwenda wapi? Msiba hakuna."

"Kwenda kuuguza."

"Mguu wa kuvunjika, Hono? Mguu utapona wenyewe. Wewe ukitoka nchi hii hivyo ulivyo hurudi tena, unajua hilo? Hawatakuruhusu tena. Utakwenda kukaa kule mgombani na kujuta."

"Najua, Dada."

"Fikiri kwanza. Lete, twende nyumbani, tukae tuzungumze kama ndugu."

Honorata alijifunga kitenge upya, kwa nguvu zaidi, fundo kifuani.

"Mama," alisema Waringa kwa upole wa kutisha, "huo mkono urudishe kwenye glavu. Nje kuna baridi, na wewe ndiyo unatoka."

Dorothea alisimama. Mlangoni ilimbidi asubiri, maana watu walikuwa wamekaa mpaka kwenye korido na hakuna aliyeharakisha kumpisha. Keki yake ilibaki juu ya meza, boksi halijafunguliwa. Jelagat aliifungua jioni wakaila na chai ya tangawizi. Ilikuwa keki nzuri tu.

Watu walipotoka na sofa likarudi ndani, Honorata alibaki na hofu mpya. Kumzika Kalisti kulikuwa rahisi kuliko jambo hili. Aliyekufa hakuulizi umechelewa wapi. Lakini aliye hai, mwenye mguu wa kuvunjika na mavuno manane nyuma yake, je, anamtaka mwanamke wa miaka arobaini na mitano anayerudi mikono mitupu? Barua zilikuwa zimepungua. Mwaka uliopita zilikuja mbili. Na tikiti ya akina mama ilikuwa ya kwenda tu; ya kurudi haikuwapo, na hata kama ingekuwapo isingefaa kitu.

Jumatatu saa tatu alipiga. Nesi aliitikia, kukawa na buruta buruta ya kitanda au meza, kisha pumzi.

"Mama Vumilia."

Miezi kumi na minne hakuwa ameisikia sauti hiyo. Ilikuwa sauti ileile, imekwaruzwa kidogo.

"Baba Vumilia. Unaumwa sana?"

"Mguu. Na mbavu kidogo. Rubani hakupona, Mungu amrehemu." Laini ikavuma kati yao. "Upepo uligeuka. Alikuwa ameshateremka, karibu kugusa, na upepo ukageuka. Nikampungia aondoke. Nilikipunga kitenge kwa nguvu zote, nenda, nenda, usishuke. Yeye akadhani namkaribisha. Mapanga yakagonga mwamba."

Honorata alibana simu sikioni.

"Kitenge chako kimekwisha, Mama Vumilia. Kimekatwakatwa. Nilikishikilia mpaka mwisho lakini kimekwisha. Nilitaka nikwambie mwenyewe."

"Hicho ndicho ulichotaka kuniambia?"

"Hicho. Nilikuwa nakuwekea."

Dirishani, juu ya paa za Georgia Avenue, theluji ilikuwa ikiyeyuka na kudondoka kwenye mabomba.

"Nani anakuuguza?" aliuliza. "Nani analala hapo na wewe?"

"Yupo hapa kando, ananikataza kuongea sana."

"Nani?"

"Nani mwingine? Vumilia."

Yule mwanamke wa kwenye kadi akaingia katikati na Kiingereza chake: imebaki dakika moja.

"Kalisti," alisema haraka. Hakuwa akimwita kwa jina hilo mbele ya watu, lakini Jelagat alikuwa amejifanya anaosha vyombo. "Nimepata pasipoti. Nakuja."

"Nini? Laini inakatika. Umesema huji?"

"Nakuja!"

"Sikusikii. Unasema huji?"

Honorata aliweka kidole juu ya meza, kama mtu anayesoma, akakisogeza.

"Na," alisema. Akasogeza kidole. "Ku." Akakisogeza tena. "Ja."

Ng'ambo ikaja sauti nyingine, ya karibu zaidi, sauti ya msichana mkubwa ambayo hakuwahi kuijua na aliijua papo hapo.

"Baba, amesema anakuja."

Kadi ikaisha. Honorata alibaki ameshika simu iliyokufa. Kisha akavaa koti lake, pasipoti ikiwa bado kifuani, akashuka ngazi kwenda kutafuta duka linalouza vitenge, cha njano, chenye maua mekundu, kinachoonekana kutoka mbali.